Mwanao Amefungua Ghala

Mama Zuhura, ndugu yangu,

Salamu nikupe vipi? Kukuuliza hali nashindwa, na yangu unaijua: mzima, ila wasiwasi ule ule. Baridi ya Kihesa mwaka huu imezidi, nashinda na jiko la mkaa miguuni. Kibanda chako cha vitenge pale sokoni anauza mdogo wako. Anajitahidi, lakini hajui kumsifia mteja. Wewe ulikuwa unamfunga mtu kitenge, unamwambia amependeza kuliko bibi harusi, naye analipa huku anacheka.

Nakuandikia habari ya Zuhura. Usishtuke. Ni njema, ila ilipitia kwanza kwenye hofu, maana ndivyo nilivyoumbwa.

Tangu tukuzike mtoto alikuwa hacheki. Ukimwambia kula anakula, ukimuuliza anajibu, basi. Mama yako anayeishi naye alishachoka kumbembeleza. Kitu kimoja tu kilimfungua mdomo: lile gemu la Tumaini wangu. Vijana wanne wanakaa mezani kwangu kila Jumamosi mchana. Hakuna skrini, ni maneno matupu. Kila mmoja anajifanya mtu wa nchi ya kubuni, huyu mpiganaji, yule mwizi, na Tumaini ndiye msimamizi, anawasimulia yanayowakuta. Wakitaka kujua jambo limefaulu au limeshindikana, wanatupa dadu yenye pande nyingi mpaka inakaribia kuwa gololi.

Nikafurahi kumsikia anaongea. Mpaka siku nakaanga maandazi, namsikia anasema kwa raha kabisa, "Mimi ni kuhani wa Mama wa Ghala, namtumikia yeye peke yake."

Mwiko ulinidondoka. Nikawaza, mwenzangu kaniachia mtoto anayeswali swala zake tano, mimi namrudisha kwa bibi yake akiabudu miungu ya mezani. Nitamwambia nini mama yake?

Sasa badala ya kumuuliza mtoto, nilifanya nini? Alhamisi nikamwombea kwenye jumuiya ya kanisa. Kwa sauti. Unaijua jumuiya yetu, ukiomba maombi pale, kesho yake hata muuza mkaa anakupa pole. Jumamosi ilipofika, Mzee Kikoti, mzee wetu wa kanisa, akabisha hodi, Biblia kwapani, kaja kuwaona hao miungu.

Akisema gemu life, litakufa, maana nyumba hii haijawahi kumbishia mzee wa kanisa. Na likifa, Zuhura anarudi kwenye kimya chake. Nilikuwa nimemharibia mimi kwa mdomo wangu.

Mzee akasalimia, "Kamwene," wakaitikia, akavuta kiti. Akawaambia waendelee tu, yeye anasikiliza. Tumaini akaendelea.

Ilikuwa hivi. Kuhani wa Zuhura analinda ghala la mji, lenye chakula na mbegu. Mungu wake wa kike ameamuru lisifunguliwe kabla ya sikukuu ya mavuno. Langoni wamefika wageni, wana watoto, wanakufa njaa. Na kila mchezaji ana karatasi inayosema mtu wake ni mwema au mbaya, na kama anashika sheria au anajiamulia. Ya Zuhura imeandikwa mwema, mshika sheria. Tumaini akamwambia akifungua, amevunja amri, na nguvu zake za ukuhani zinaweza kuondoka.

Mpiganaji akasema funga lango. Neema, ambaye ndiye mwizi, akasema mkifunga yeye anapitia paa. Mzee Kikoti uvumilivu ukamshinda, akasema amri ni amri, wakigawa mbegu wenye mji watapanda nini? Na mimi huku jikoni nikauliza, hiyo amri ilitolewa kwa ajili gani? Tumaini akasema ili watu wasife njaa. Nikasema, basi hao wa langoni si watu? Mzee akaniambia mambo ya amri si mepesi hivyo. Tukabishana mpaka chai ikapoa.

Halafu Zuhura akasema, "Kaka Tumaini, nifute kwenye washika sheria. Kwenye wema niache. Nafungua. Mama angefungua."

Alikuwa hajakutaja tangu msiba, Mama Zuhura. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Nikakumbuka Ramadhani ile malaria iliponilaza. Wewe umefunga, midomo imekukauka, na mchana huo huo ukanipikia uji ukanilisha kijiko kwa kijiko. Nikakuuliza hutamani? Ukasema, "Meza, acha maneno." Zuhura mdogo alikuwa pembeni ameshika kikombe, anakutazama wewe.

Mzee Kikoti akamgeukia. Akamuuliza taratibu kama huyo Mama wa Ghala anamwomba kweli.

"Hapana, babu," akasema. "Huyo ni wa huyu mtu wangu wa kwenye gemu. Mimi nina Mungu wangu, na adhana ikilia naondoka."

Mzee akasema sawa, lakini wageni wapikiwe ugali kwanza, mbegu wasipewe, na mlinzi asimame. Neema akasema, "Babu, karibu, tukutafutie dadu."

Zuhura akacheka. Kicheko chako kile kile, mkono mdomoni, mwingine unapiga meza. Nilikwenda kuchochea jiko lisilohitaji kuchochewa.

Mzee hakukataza kitu. Ameaga akisema Jumamosi inayokuja atapita kusikia kama yule mungu wao atamwadhibu mtoto, maana akimwadhibu, yeye hatakubali. Nami nilikwenda kwa mama yako nikamweleza yote. Kasema acha acheze, ila avae sweta, nyumba yangu ina baridi.

Pumzika, ndugu yangu. Kuacha wasiwasi sikuahidi, ningekuwa nadanganya. Ninachokuahidi ni hiki: nikisikia neno nisilolielewa, nitamuuliza Zuhura mwenyewe kabla sijawaambia watu. Na kiti chake pale mezani hakikaliwi na mwingine, hata Tumaini akioa akahama na dadu zake.

Mwenzako,
Mama Tumaini