Bahari Ilivyochelewa Kufika Molo

Jumapili, 2 Machi 1958
Nimeamka, nimekunywa uji, nimemwambia Cheruiyot, jirani yangu, kwamba mimi nimevuka Bahari ya Hindi mara mbili mpaka Bombei. Ameshika mdomo.

Uongo mtupu. Nilifika bandarini Kilindini tu, zamani, na mabehewa ya ngano ya mzungu. Nikaingiza miguu majini, wimbi likanipiga magotini, nikakimbia kama kuku. Lakini nani alikuwepo?

Baada ya ibada Mwalimu Elija ametundika ramani kanisani ili tuliokosa shule tujifunze. Kumbe bahari yangu ni ya tatu kwa ukubwa duniani! Huku Afrika, kule Australia, juu India, chini kabisa barafu. Nchi yetu iko kando kama kiraka cha suruali. Nimependa. Nimesahau hata kusinzia.

Jumatatu, 3 Machi
Bahari tu kichwani. Pareto, yale maua anayochuma Rebeka, mke wangu, inapanda treni hapa Molo, inavuka maji yale, inakwenda kuua wadudu kwa watu wasiojua Rebeka ana kelele kiasi gani. Mafuta ya taa yanakuja kwa njia hiyo hiyo. Blanketi. Hata sindano yake. Barabara isiyotaka mawe wala wafungwa wa kuichimba.

Jumapili, 9 Machi
Leo Mwalimu ametufunza kubwa zaidi. Mvua yetu inatoka kule! Jua linapasha bahari moto, upepo unabeba unyevu, unaupandisha mpaka huku milimani. Miezi mingine upepo unatoka kaskazini, mingine kusini, na ukianza kugeuka ndipo tunanyeshewa. Hata India kuna mzee anangoja upepo wa bahari hii hii ndipo apande. Nimsalimie.

Nimewatazama watu kanisani kama vile mimi ndiye niliyeipasha moto.

Jumatano, 12 Machi
Upepo umegeuka. Moshi wa jikoni umelalia upande mwingine. Mawingu. Rebeka alikuwa kwenye pareto. Nimeteremsha mbegu za mahindi darini, nimepanda zote. Zote! Yeye husema nusu ibaki mpaka mvua ya kweli. Mwoga.

Jioni manyunyu. Nimecheza uani peke yangu.

Jumanne, 18 Machi
Jua. Jua tena. Nimefukua shimo moja: mbegu imeoza. Shimo la pili: siafu. Hatuna mbegu nyingine. Mwaka huu tutakula nini? Naogopa. Rebeka ametazama shamba, amenitazama mimi, amekwenda kuteka maji. Kelele imepiga ndoo tu. Rebeka! Heri angenipiga na mwiko.

Alhamisi, 20 Machi
Cheruiyot amepita na ng'ombe. "Mzee wa Bombei! Bahari yako imeishiwa maji?"

Nimemjibu bahari ina dunia nzima ya kuhudumia, yeye na kishamba chake wapange foleni. Amecheka mpaka ng'ombe wakaingia kwenye viazi vyake mwenyewe. Mimi sikucheka. Chakula hakishuki.

Jumapili, 23 Machi
Sikwenda kwa Mwalimu. Naionea haya hata ramani. Lakini sina kinyongo na bahari. Haikuniambia "leo". Kitu kinacholisha India na sisi hakiwezi kukimbizwa na mzee mmoja wa Molo.

Ijumaa, 28 Machi
Imenyesha. Tangu asubuhi, mvua nzito, ya kweli. Nimekaa mlangoni na roho inaniuma. Maji yote hayo yamesafiri kutoka kule, na shamba langu halina cha kuyapokea. Nimemwambia Rebeka, "Nisamehe, Mama Tabitha."

Ametoka nje mvuani, ameingia kwa Cheruiyot, amerudi na gunia kichwani. Mbegu nzuri, kavu, zimepakwa majivu.

"Nakujua tangu unioe," akasema. "Ulipoanza kusifu bahari nikazihamisha. Ulizopanda ni za mwaka juzi, zimebunguliwa."

Na Cheruiyot alijua! Mbwa yule.

Jumamosi, 29 Machi
Tumepanda wawili. Yeye anachimba, mimi natia mbegu. Udongo laini. Hakuna kelele. Mvua ndogo inaendelea. Nimetoa ulimi nikaonja. Haina chumvi hata kidogo. Chumvi yote bahari imebaki nayo, sisi imetupa maji matamu.

Sasa wewe Rebeka, umeniacha nikonde kwa hofu, na mgongo nimeuvunja kwa mbegu zako mbovu. Deni ni deni. Njoo unikande hapa, chini ya kiuno, na samli kidogo. Polepole.