Mumoabu wa Katoyi

Rafiki yangu Kasereka,

Katika Goma yote, kutoka Katindo mpaka huku kwetu Katoyi, hakuna mutu mwenye bahati kama mimi. Kamiyo yangu haikwami njiani, afya ni ya ng'ombe, na watu wa kubishana nao juu ya Maandiko nimepata wengi, wazuri kuliko wewe, maana wao wanajua kushindwa na kunyamaza. Kwa hiyo usijisumbue huko uliko ukifikiri nimebaki yatima. Niko vizuri kabisa.

Sasa kaa, nikupe habari, maana zinanichoma kinywani. Kilio chako tumekimaliza. Na lile bishano letu nimelishinda! Umeshindwa ukiwa umelala, muzee.

Unakumbuka siku ile shirikani, kwenye maombi ya majirani, wewe ukiwa musomaji na mimi nikiwa mutu wa kukukata maneno. Ulisoma ile hadithi ya Agano la Kale, ya mama mujane aliyekimbilia Moabu kwa sababu ya njaa, bwana yake akafia kule, vijana wake wawili nao wakafia kule, akarudi kwao na mukwe wake mumoja tu, mugeni, Mumoabu. Wewe ulipenda yale maneno ya barabarani, pale yule binti anakataa katakata kumuacha mamamukwe. Uliyasoma na sauti ya ndoa, wamama wakatoa vitambaa vya machozi.

Mimi nikasimama. Nikasema maneno ya barabarani nayajua, mimi ni shofere. Nimesikia watu wakiapa pale Kasindi, na kabla ya kufika Beni wamesahau. Nikasema hadithi hii haina malaika, haina bahari ya kupasuka, ni watu wanaotafuta cha kula. Basi tuangalie jioni! Jioni Mumoabu ametoka kuokota masuke, mwenye shamba amempa chakula, amekula ameshiba, na kilichobaki hakukitupa wala hakukimaliza kwa ulafi. Amekibeba mpaka nyumbani kwa mamamukwe. Hapo ndipo hadithi yenyewe ilipo.

Ulicheka mpaka ukaweka Biblia chini. "Wewe unasoma Neno la Mungu na tumbo!" Na shirika nzima wakaanza kuniita Papa Tumbo. Mpaka leo wananiita hivyo, asante sana.

Sasa sikia. Ulipoondoka, mama yako, Mama Katungu, alikaa kwenye mukeka akilia kwamba amebaki mutupu, hana tena mutu duniani. Na bibi yako Nsimire alikuwa nyuma yake amemshika mabega! Kase, nilishindwa kujua nicheke au nilie. Ni kama mule mule kwenye hadithi: yule mama anafika kwao anawaambia majirani amerudi mutupu, na Mumoabu amesimama pembeni yake ameshika mizigo. Sijui alijisikiaje, masikini.

Siku ya kumaliza kilio, Muzee Paluku, baba yako mudogo, akafika kutoka Butembo. Amezungukia Uganda, maana barabara ya Butembo imefungwa, miguu imevimba, lakini mupango alikuwa nao tayari. Mama arudi Butembo kwa ukoo. Parsele, kiwanja chenu na nyumba, ipangishwe. Nsimire arudi kwao upande wa Bukavu, bado kijana, hana mutoto wa kumfunga hapa. Na alisema kwa upole, hakuna aliyetukana mutu, ndiyo maana niliogopa. Ugomvi ungetupa nafasi ya kukataa. Nsimire alikuwa jikoni anapika. Mama mwenyewe, hakuna aliyemuuliza.

Nikajiambia, Papa Tumbo, simama. Unajua desturi: mutu asiye wa ukoo hafungui kinywa mbele ya wazee wenu mikono mitupu. Nikanunua kazie nzima ya bia, chupa zinatoka jasho. Nikavaa ile veste yangu ya Kampala, koti la sikukuu. Nikaweka bia mbele ya wazee, nikapiga goti, Biblia kwapani, nikaanza kumsifu Nsimire: roho yake, mikono yake, uaminifu wake. Nikaingia kwenye hadithi na gia ya nne. Nikafika mwisho, pale ndugu wa karibu anavua kiatu kuonyesha ameachia haki yake, na mwenye shamba anamuoa Mumoabu.

Wazee wakaangaliana.

Kasereka! Bia, veste, goti, mujane, na hadithi inayoishia kwenye ndoa! Hata mimi ningejidhania vibaya. Muzee Paluku akafungua chupa polepole, akaniangalia toka chini mpaka juu. "Kijana, tumekusikia. Bibi yako wa kwanza anajua?"

Kabla sijajibu, bibi yangu akapiga kelele toka jikoni: "Mwacheni aoe! Apate wa kumfulia hiyo veste, mimi nimechoka!"

Kilio chako kiligeuka harusi. Watu walicheka wakashika mbavu, hata mama aliweka kitenge kinywani. Niliapa kwa jina lako na la mama yangu kwamba sikuja kuposa. Muzee akapangusa macho, halafu uso ukarudi kuwa mugumu. "Hadithi yako naijua. Kulikuwa na mukwe wa pili. Yeye alirudi kwao, na Mungu hakumpiga. Huyu naye aende kwao, tutambariki."

Nikakwama. Kwa sababu ni kweli! Ni mimi mwenyewe niliyekuwa namtetea yule wa pili kila mara, nikikuambia alilia kama mwenzake na alitii alichoambiwa. Niligeuka kwenye benchi kukutafuta, ili unijibie. Basi tu. Niligeuka.

Chakula kikaletwa. Bugali, sombe, samaki wa Vitshumbi. Muzee Paluku akamaliza sahani yake, akanyoosha shingo, akaona nyingine imefunikwa pembeni ya jiko. Akaenda kuifunua mwenyewe, unamjua. Ndani kulikuwa samaki ametolewa miba yote, amechambuliwa na vidole kidogo kidogo, laini kabisa, ndani ya mchuzi. Sisi wengine wote tulikuwa tunapigana na miba.

"Hii ni ya mutoto gani?"

"Ni ya mama," Nsimire akajibu. "Meno yamemuisha, baba. Huwa namtolea yake kwanza."

"Yamemuisha tangu lini?"

Hakuna mutu wa ukoo aliyejua kujibu. Muzee alibaki na kifuniko mkononi. Na mimi, na kinywa changu chote hiki, nilipata maneno machache tu: "Muzee, ndiyo ile niliyokuwa nataka kusema."

Hapo mama akasema. Hakuna aliyempa ruhusa. Alianza na Kinande, halafu akarudia kwa Kiswahili ili Nsimire asikie vizuri: "Kule Butembo nani anajua meno yangu? Mimi nabaki na mwana wangu."

Mwana, alisema. Hakusema mukwe.

Muzee Paluku akarudisha kifuniko juu ya sahani. Halafu akainama, akahangaika na kamba, akavua kiatu, akanipa mbele ya watu wote. "Shika. Naachia. Wabaki wote wawili, na parsele ibaki yao." Vigelegele vilivyopigwa, nafikiri ng'ambo ya mupaka walisikia! Nilikimbia na kile kiatu nikizunguka parsele kama mutu aliyeshinda kombe. Akanivumilia kidogo, halafu akataka kutoka nje, soksi ikakutana na mawe ya volkano. "Wee shofere, lete kiatu changu! Haya mawe yenu yanakula watu!"

Kwa hiyo ni tumbo lililoshinda, Kase. Kubali. Lakini mimi si mutu mubaya, nakuachia nusu. Bila yale maneno ya mama, sahani ingebaki sahani tu, na Muzee angeila. Kwa hiyo hata maneno yana kazi, yakitoka kwa mutu aliyekwisha kulishwa. Hilo ungelisema wewe, na ungelisema vizuri kuliko mimi.

Lala sasa, ndugu yangu. Nakuahidi hivi: kila nikishusha samaki kutoka Vitshumbi, wa Nsimire na mama watatoka kwanza, kabla ya soko. Na shirikani nitasoma kwenye nafasi yako, hata kama nasoma kama mutu anayeendesha kwenye mashimo.

Na ile bahati niliyokuambia pale juu, ni uongo. Sijapata mutu wa kubishana naye. Hata mumoja.