Shangazi Ndani ya Kozi

Jumatatu, 3 Machi
Meneja katuita waandaaji wote wa kozi. Mambo ya kila mtu kufanya kila kitu basi, kasema, kila mmoja awe na fani yake. Mwenzetu tunayemwita Miwani kadandia video kabla sentensi haijaisha. Mwingine kachukua mitihani — anapenda kuona watu wakitoka jasho. Mimi nataka maigizo ya kompyuta: mteja anafoka, karani anachagua jibu, mteja anapoa au anawaka zaidi. Nafasi ni moja. Nitengeneze kwanza la makarani wa kampuni ya maji, kasema, ndipo aamue. Naitaka kufa na kupona!

Jumatano, 5 Machi
Wateja wangu wa kubuni wamepooza. Wanagomba kama wasoma taarifa ya habari.
Jioni kaja shangazi, dada yake baba. Kaonja chai. "Hii mmeitia sukari au mmeionyesha tu?"
Nimejifungia chooni kuandika.

Alhamisi, 13 Machi
Igizo limepita! Mteja ana mkoba wa shangazi, kidole cha shangazi, mdomo wa shangazi. "Mmeniletea maji au mmenionyesha bomba tu?" Makarani wanafanya mazoezi kutwa. Meneja anachekacheka. Nyumbani nimekausha, shangazi hajui kitu.

Jumanne, 18 Machi
Balaa. Shangazi kaenda kampuni ya maji kulalamikia mita yake. Hata hajafungua mdomo sawasawa, karani kamvutia kiti, kamwomba radhi, kammalizia sentensi! Wengine wakaja kuchungulia. Kafika kwangu anawaka: kaenda kugomba, karudi hajagomba. "Wamenijuaje wale?"
Labda wamefundishwa vizuri, nikasema.
Kanitazama. Kanitazama tena.
"Na wewe si ndiyo kazi yako, kufundisha watu?"

Jumatano, 19 Machi
Naandikia ofisini. Shangazi yuko kwa meneja! Kajileta mwenyewe, kadai aonyeshwe hiyo kozi. Mlango uko wazi. Kwaheri kazi, kwaheri ukoo.
Meneja kamwashia kompyuta. Kisha sauti yake: huyu mama wa kwenye kompyuta, yeye anamfahamu sana, ila wamempoza. Hapa angekuwa ameshagonga meza. Kaigonga — kikombe cha meneja chini!
Meneja anacheka, anaandika. Shangazi anamwaga maneno mapya, makali, matamu kuliko yangu yote. Naona wivu, wallahi.
Sasa meneja anamuuliza, mama, Jumatatu una shughuli?
"Inategemea," kasema shangazi. "Huyu mtoto atakuwa chini ya nani?"