Usimlaze Mtoto Jikoni

Loresho, Nairobi
Jumapili

Mpendwa Mama,

Pokea salamu zangu nyingi. Magoti yako yanasemaje na mvua hizi? Mimi ni mzima, ila kifua. Naandika kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungenikaripia kwamba namaliza salio bure. Barua nitampa dereva wa basi la nyumbani pale River Road.

Wiki jana mama ninayemfanyia kazi alichoshwa na kikohozi changu, akanituma kliniki moja Ngara. Daktari akaangalia picha ya kifua.

"Unavuta fegi?"

Nikacheka. "Daktari, mimi ni mtu wa kanisa."

"Huko kwenu mnapika na nini?"

"Kuni."

"Basi umevuta. Na kama kulikuwa na mtoto hapo jikoni, pia yeye alivuta."

Mama, sikusikia tena alichosema. Nilimwona Wekesa wangu, wiki tatu tu duniani, amelazwa kando ya mafiga.

Tangu siku hiyo namsikia. Jikoni humu hamna moshi hata kidogo, lakini mchana kweupe, nikikoroga mchuzi, anakohoa nyuma yangu. Nageuka na mwiko mkononi, hakuna mtu. Naogopa, Mama.

Alipokufa, sisi tulisema ni jicho la watu. Mpaka leo humsalimii Mama Khisa, jirani yetu. Nenda kamsalimie, hakutukosea.

Sasa mdogo wangu Nafula yuko karibu kujifungua, nawe umeniambia umeshamtandikia jikoni apate joto, kama desturi yetu. Nakupigia magoti, ondoa hicho kitanda. Walale nyumba kubwa, blanketi mbili zinakuja na barua hii. Na ile gesi niliyokuletea, uliyoifunika kitambaa sebuleni kama redio, ifunue upikie. Najua utasema ugali wa gesi hauna utamu. Uule hivyo hivyo.

Nisalimie Baba, na shangazi wa mboga pale sokoni, na Nafula mwenyewe, kichwa ngumu yule.

Kuna neno sijawahi kukuambia. Siku ile ya mwisho ulisema moshi umezidi, ukaacha mlango wa jikoni wazi ukaenda kukamua ng'ombe. Nikaona mtoto atapigwa na baridi. Mlango niliufunga mimi.

Mwanao,
Nekesa