Mkono wa Jebiwot

Mama Kipyego,

Jebiwot hana koti la mvua, hana viatu vya kupanda mawe, hana kamera, na tangu asubuhi hana ruhusa yangu. Mpe koti langu. Viatu aombe kwa Saida, binti wa Nur mwenye lori. Kamera ni ya shule.

Ulikuwa unakamua, hukusikia. Safari yao ya sayansi, kupiga picha ndege wa bonde la Kerio, ni Jumamosi, siku ile ile kampuni yetu ya kununua ardhi inawagawia wanachama mashamba kwa kura. Nilitaka yeye atuchotee karatasi ya namba ya shamba, maana mkono wake ndio uliotushindia mbuzi kwenye bahati nasibu ya harambee. Akasema, "Babu, si wewe ulinifundisha kwamba karatasi haijui inachotwa na mkono wa nani?" Nikamwita mjeuri. Lakini hayo niliyapata mwenyewe kwa miaka minne ya shule ya usiku, na ni kweli.

Asiende. (Neno hilo nimelikata.)

Aende. Nitachota mwenyewe. Tukipata shamba la mawe, asilaumiwe mtu.

Nur anapiga honi nje. Barua ya ruhusa kwa mwalimu nimeiandika, bahasha nimeifunga, na lori lake litaipitisha shuleni sasa hivi.

Babu yake