Kidole Kimoja kwenye Muundi

Jumatatu, 5 Juni 1972
Mbio za alfajiri tena, hadi darajani na kurudi. Muundi wa kulia bado unauma. Ofisini nimeweka mguu juu ya debe, chini ya meza. Hakuna aliyeona. Hapa Kilosa watu huniona nikikimbia tu.

Jumatano, 7 Juni
Nimemwambia Mzee Mashaka, karani mkuu wetu, ambaye pia ndiye kocha. Amecheka.
"Asidi hiyo, Ndugu. Si wewe uliyetufundisha?"
Kweli. Nilipohamia hapa niliwaeleza kwamba misuli ikichoka hutoa asidi kama ile ya maziwa yaliyoganda. Nilitaka wajue nimesoma. Tangu hapo wananiita Mtindi, na kila anayelalamika huambiwa akimbie zaidi, asidi imtoke.

Ijumaa, 9 Juni
Asidi hutoka yenyewe, saa moja hivi baada ya kupumzika. Nayajua haya tangu shule. Maumivu yangu naamka nayo. Wala hayaenei. Nayafunika kwa kidole kimoja, juu ya mfupa. Naogopa ni ufa. Naogopa zaidi kumsahihisha mkubwa wangu wa kazi. Na nisipokimbia mashindano ya Mikumi Jumapili, nani atanijua? Mgeni tu aliyepanga chumba hapa mtaa wa Magomeni.

Jumamosi, 10 Juni
Maji ya moto na chumvi. Hayakusaidia. Nimejaribu kuruka kwa mguu mmoja, nikashika ukuta nisipige kelele.
Jioni nimekwenda kwa Mzee kumwambia. Nilijipanga njia nzima.
"Shikamoo, Mzee."
"Marahaba, Mtindi. Umefuata viatu?"
Alikuwa ameniazimia raba za mpwa wake, kazifua mwenyewe. Nimezichukua. Nimerudi.

Jumatatu, 12 Juni
Mguu umevunjika. Mikumi, kwenye mteremko, karibu na mwisho. Niliusikia kabla haujauma. Daktari anasema mfupa ulikuwa na ufa wa siku nyingi, mbio zimeumalizia. Mzee Mashaka alikuwa amesimama pale pale kando ya daktari, akisikia. Sikuthubutu kumtazama. Nimelia, si kwa mguu.

Alhamisi, 15 Juni
Nimerudishwa chumbani na plasta hadi gotini. Kimya siku nzima. Mwenye nyumba ameacha uji mlangoni.

Jumapili, 18 Juni
Jioni hodi. Mzee Mashaka. Kiti changu ni kimoja, na mguu ulikuwa juu yake, kwa hiyo akakaa kitandani. Hakuna mtu aliyewahi kukaa humu.
"Hiyo asidi hukaa muda gani mwilini?"
"Saa moja hivi, Mzee."
Akaitazama plasta.
"Selemani wa Msowero naye analalamika mguu. Nimwambie nini?"
"Aonyeshe panapouma. Akiweka kidole kimoja juu ya mfupa, apumzike. Na apelekwe hospitali."
"Ungeniambia, Yohana."
"Niliogopa, Mzee."
Akaniwekea maji karibu, akaaga.
Shuka lina mkunjo pale alipokaa. Sijaunyoosha.