Kahawa ya Oiva

Haukisaari, 2 Machi 1997

Dada Kerttu,

Nimekuficha jambo tangu mwaka aliokufa mumeo. Chupa aliyoishika Oiva barafu ilipommeza haikuwa na pombe. Ilikuwa na kahawa.

Salamu nimeziacha nyuma, maana ningeanza nazo ningeishiwa ujasiri. Hujambo? Goti linaendeleaje? Mimi moyo umechoka. Daktari hatarajii niione barafu ikiyeyuka. Dirishani nawaona wavuvi wameshatoboa mashimo ziwani, wamekalia masanduku yao, jua linawachoma nyuso huku miguu ikiganda. Watoto wanateleza mlimani. Siku kama ile kabisa.

Njoo tuagane.

Kaka yako,
Eljas

Kuopio, 7 Machi

Kaka Eljas,

Goti linauma, nashukuru kwa kuuliza.

Kahawa! Umelikalia neno hilo miaka yote hii, wewe mwalimu uliyewachapa watoto kwa kusema uongo? Mazishini jirani yetu Veikko alisema mbele ya jeneza, "Angalau alikwenda na joto tumboni," watu wakacheka, wewe ukatazama viatu vyako. Mwanangu Martti alipigana darasani mwako kwa kuitwa mtoto wa mlevi, na ukamsimamisha yeye kwenye kona. Yeye! Nilihama kijiji kwa aibu. Kila Krismasi makaburi yote yanawaka mishumaa, la Oiva giza, kwa sababu nilimkasirikia maiti.

Ulijuaje ni kahawa? Wenzako wote walikuwa ufukweni wakichoma soseji, wakamwona kwa mbali tu. Na mtu aliyezaliwa kando ya ziwa hilo alifuata nini kwenye mkondo, ambako barafu haikomai hata Februari?

Siji mpaka unijibu.

Dada yako,
Kerttu

Haukisaari, 12 Machi

Dada Kerttu,

Natumaini goti limepoa kuliko maneno yako. Mimi sasa napumua nikiwa nimeketi tu.

Usinifokee kama mtoto. Kahawa ilikuwa yangu. Nilikuwa nikivua peke yangu ng'ambo, Oiva akanipigia kelele kutoka ufukweni: "Mwalimu! Umeshaganda, au tukungoje uoze kwanza?" Nikamwambia, "Leta kahawa, acha mdomo!" Akaja, anacheka, chupa juu.

Theluji mpya ilikuwa imefunika kila kitu. Matawi ya msonobari yanayoonyesha barafu mbovu hayakuwepo. Labda upepo.

Kaka yako,
Eljas

Kuopio, 15 Machi

Upepo?

Matawi yale aliyasimika Oiva mwenyewe, kila mwaka. Mimi nilimbebea ndoo. Alikuwa anatoboa tundu, anachomeka tawi, anamwaga maji, linaganda kama nguzo. Farasi asingeling'oa. Alivuka akitafuta alama zake mwenyewe, na kwa kuwa hakuziona, alidhani mkondo bado uko mbali.

Nani aliyatoa?

Kerttu

Haukisaari, 19 Machi

Kerttu,

Hukunisalimu, nami sistahili. Lakini nakuuliza hali, kwa sababu nataka kujua.

Samaki hupenda ukingo wa mkondo. Kila mvuvi akiona matawi yale alijua pa kwenda, na siku ile kulikuwa na mashindano. Oiva alikuwa ameshinda miaka mitatu mfululizo, na kila jioni kwenye sauna, chumba chetu cha mvuke, alinitania: "Shemeji anajua jina la Kilatini la samaki, ila samaki hamjui yeye." Watu walicheka. Nami nilicheka.

Alfajiri nilitangulia na sururu, nikayakata matawi yote usawa wa barafu ili asinifuate mtu. Nilidhani nitayarudisha kabla ya mchana. Kisha samaki wakaanza kuuma, mmoja baada ya mwingine, nikasahau. Nilipomwita nilikuwa nimeinamia shimo, kamba imekaza mkononi. Nilimtupia jicho mara moja akija, kisha sikuinua macho tena hadi niliposikia barafu ikipasuka.

Nilisikia akiita "Shemeji!" mara moja. Hakuwa mbali. Ningekuwa na kitu kirefu cha kumnyooshea, angekishika.

Nilikuwa nacho. Matawi yake yalikuwa chini yangu. Nilikuwa nimeyatandika nikayakalia, nisipate baridi, na sikuinuka.

Eljas